Barabara Iliyohama

Kila asubuhi, kabla ya saa moja kasoro robo, kidumu cha manjano hugongwa mara mbili kwenye geti la nyumba ya kupanga pale Daraja Mbili, na Tekla Urio hutoka na sufuria mkononi, khanga mabegani, miguu ikiwa bado haijapata viatu. Koko Nalepo, yaani Bibi Nalepo kwa Kiarusha, humimina maziwa lita moja na nusu, huongeza kidogo kwa mkono unaojifanya umeteleza, hupokea shikamoo yake na kwenda zake. Ilikuwa hivyo kwa miaka minne. Tekla alikuwa mpelelezi wa polisi mwenye nyota yake moja, lakini mbele ya kile kidumu alikuwa binti wa watu tu, anayeulizwa ataolewa lini.

Jumatano hiyo ya mwezi wa sita, geti halikugongwa.

Tekla alisimama uani na sufuria yake. Baridi ilikuwa ya kuuma masikio, na Mlima Meru ulikuwa umejifunika wingu hadi magotini. Kaka yake, Philemoni, alikuwa ameshaondoka tangu saa kumi na mbili bila kunywa kitu. Alikuwa mchoraji wa ramani za viwanja katika kampuni moja ya Makumira, na siku hizi kazi zilimtoa mapema. Hata angekuwepo, maziwa hayangemhusu. Tangu mwezi wa tatu alikuwa anakunywa chai ya rangi, akisema maziwa yanamjaza gesi. Tekla alikuwa amezoea kuchemsha ya kwake peke yake.

Saa moja na dakika ishirini Koko Nalepo alifika. Kidumu kilikuwa kitupu. Alikiweka chini taratibu, kama mtu anayelaza mtoto, akatoa kwenye pindo la shuka karatasi iliyokunjwa mara nne.

Jana mchana, alieleza, vijana wa kampuni walikuja na kopo la rangi. Waliandika X nyekundu kwenye ukuta wa nyumba yake, nyingine kwenye zizi la ng'ombe, na ya tatu kwenye jiwe la kaburi la mumewe. Wakampa karatasi hiyo. Jirani alimsomea: siku kumi na nne, aondoke, barabara inapita. Aliwauliza barabara gani, maana mkutano wa mtaa ulikubaliana barabara ipite kwenye njia ya zamani ya ng'ombe, kule magharibi, ambako hakuna nyumba. Wakamwambia alikubali mwenyewe. Ana dole gumba lake kwenye fomu.

"Mwanangu," alisema Koko, "kwenye karatasi ya maneno mimi nimeweka dole mara moja tu maishani. Nimeweka kwako, mwaka ule wa ndama."

Tekla alikumbuka. Ilikuwa miaka miwili nyuma, ndama wa Koko alipoibiwa, na yeye ndiye aliyechukua maelezo.

Alivaa sare, akafunga mlango, akaondoka na Koko kwenda kituoni. Kidumu kilibaki uani.

*

Faili la mtaa wa Oltulelei, anakoishi Koko, lilikuwa limetangulia mezani kwake. Bosi wake, Inspekta Eliud, alikuwa ameliandika juu kwa kalamu nyekundu: HARAKA. Jana jioni wananchi walimzingira mwenyekiti wa kamati yao ya urasimishaji, Mzee Lesian, wakidai amewauza. Polisi walimchukua kabla hajapigwa, na sasa alikuwa mahabusu, nusu mtuhumiwa, nusu mgeni.

Mtaa wenyewe Tekla aliufahamu. Ulikuwa mashamba na maboma, upande wa magharibi wa mlima, mpaka mji ulipoufuata. Watu walijenga kila mmoja alivyoweza, nyumba zikageuziana migongo, gari la wagonjwa likakosa pa kupita. Ndipo wakakubali urasimishaji: kampuni binafsi ichore ramani ya mtaa, kila mtu apimiwe kipande chake, wote waachie kidogo ili barabara ipatikane. Mkutano ulifanyika mwezi wa kwanza. Mchoro ulibandikwa ukutani, wakaukubali. Mchoro uliorudi umeidhinishwa mwezi wa tano ulikuwa na barabara mahali pengine.

Ndani ya faili kulikuwa na nakala ya fomu ya ridhaa ya Koko Nalepo. Tekla aliisoma kimya.

*Mimi Nalepo, mjane, umri miaka sitini na minane, mkulima na mfugaji, nikiishi katika boma la Yiamat, baba mkwe wangu, nisiyejua kusoma wala kuandika, naridhia kwa hiari yangu barabara ya mita kumi na tano ipite ndani ya eneo langu.*

Chini yake palikuwa na dole gumba la wino wa buluu. Tarehe kumi na mbili, mwezi wa tatu.

Alileta kidau cha wino na karatasi nyeupe, akauchukua mkono wa Koko. Walijaribu mara tatu, na kila mara kilichobaki kwenye karatasi kilikuwa doa. Miaka ya jembe na chuchu za ng'ombe ilikuwa imelisaga lile dole mpaka likawa laini kama kokoto ya mtoni. Tekla aliliweka doa hilo karibu na fomu. Dole la kwenye fomu lilikuwa na mistari myembamba, iliyohesabika, inayozunguka vizuri hadi katikati. Lilikuwa dole la mtu anayeshika kalamu.

Aliandika hivyo kwenye daftari lake, akampa Koko chai ya kantini, akaenda mahabusu.

Mzee Lesian alikuwa amekaa kwenye benchi, kofia magotini. Alikuwa mwalimu mstaafu na mzee wa kanisa, mrefu, na usiku mmoja wa sakafu ya saruji ulikuwa haujamwondolea utani. Tekla alimwamkia. Alimwitikia, akaongeza kwamba ni mara ya kwanza kuamkiwa vizuri hivyo na mtu aliyemfungia mlango.

Tekla alimuuliza kuhusu muhuri. Alijibu bila kusita kwamba kila fomu ya mtaa ule ilipita mkononi mwake na kupigwa muhuri wa mtaa, fomu mia tatu na kumi, na kama ipo isiyo na muhuri basi haikupita kwake. Tekla aliigeuza fomu ya Koko. Haikuwa na muhuri. Lakini hilo peke yake halikumsafisha, kwa sababu mtu anayeficha jambo anaweza kuuacha muhuri makusudi. Akamsomea maneno yenyewe.

Alipofika kwenye boma la Yiamat, mzee aliinua mkono.

"Rudia hapo."

Akarudia.

Lesian alicheka, kicheko kifupi cha mtu aliyepata nafuu. "Koko Nalepo alisema hivyo? Nani alimsikia asikimbie?"

Akamweleza. Kwao, mwanamke aliyeolewa hatamki jina la baba mkwe wake. Hatamki akiwa hai, na akifa ndiyo kabisa. Atazunguka, atasema yule mzee, atasema baba wa fulani, atamgeukia mtu mwingine amtajie. Nalepo aliolewa akiwa msichana, na hakuna sikio lililowahi kulisikia jina hilo likitoka mdomoni mwake.

"Hata siku ile ya ndama," alisema Lesian, "nani alikutajia wewe? Si mimi niliyemsindikiza?"

Tekla aliinua macho. Ilikuwa kweli. Alimuuliza Koko anaishi boma la nani, Koko akamtazama Lesian, Lesian akajibu. Tekla alidhani bibi wa watu amesahau. Akaandika kana kwamba amesema mwenyewe.

"Mwarusha hawezi kuandika hiki kitu, afande. Hata mwizi wa Kiarusha angeona aibu." Mzee alivaa kofia yake. "Hiki kimeandikwa na mtu wa mlima ule mwingine. Samahani, najua na wewe ni wa huko."

Tekla alitabasamu kidogo, kwa sababu utani huo ulikuwa haki ya mzee. Alimwambia askari wa zamu amtoe mzee akae kwenye kiti, nje, juani.

*

Mtu wa mlima ule mwingine aliyekuwa karibu zaidi na mchoro huo aliitwa Fransiska. Alikuwa mkurugenzi wa kampuni iliyourasimisha mtaa, mzaliwa wa Machame, Kilimanjaro, na sahihi yake ilikuwa kwenye kona ya mchoro. Tekla alipanda ghorofa tatu hadi ofisini kwake akiwa na hakika kubwa kuliko aliyopaswa kuwa nayo.

Fransiska hakubabaika. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini hivi, miwani kwenye kamba, sauti ya mtu anayeogopwa na vijana wake. Alitandaza michoro miwili mezani, wa mwezi wa kwanza na uliopitishwa, akauwekea kila mmoja vikombe pembeni usijikunje.

Tekla alimuuliza tofauti ni ipi. Fransiska aliweka rula. Barabara ilikuwa imesogea mita sitini na tano kuelekea mashariki. Imetoka kwenye njia ya ng'ombe, imeingia kwa Koko.

"Nani aliisogeza?"

"Mimi nilisaini. Kwa hiyo andika mimi kwanza."

Kisha akaeleza, pole pole, kama anayejisomea mashtaka. Kazi zilikuwa nyingi, uchoraji wa mwisho akampa kijana wa nje, anayefanya vibarua jioni. Kijana alirudisha mchoro safi, na fomu ya ridhaa ikiwa imebanwa juu, akasema wananchi wamebadili mawazo kwa sababu ya korongo. Yeye hakwenda uwandani kuhakikisha. Hakulinganisha. Alimwamini, kwa sababu ni kijana mwenye adabu ambaye hajawahi kukosea hata mstari.

Tekla alimtazama vizuri. Ilikuwa hadithi rahisi: kila mkurugenzi ana kijana wa nje wa kumtupia lawama. Alimwomba dole gumba. Fransiska alilitoa bila swali. Halikufanana. Lilikuwa na kovu la kisu katikati.

Akamwomba aisome fomu ya Koko, aseme kama kuna kitu kinamshangaza. Fransiska alivaa miwani yake, akasoma, akakunja uso.

"Umri," alisema. "Sisi umri tunachukua kwenye kitambulisho cha taifa. Ngoja." Alifungua orodha ya wamiliki kwenye kompyuta. "Nalepo, sabini na sita. Hii sitini na minane imetoka wapi?"

Tekla aliisoma namba hiyo upya.

Alijua ilikotoka. Ilitoka kwenye meza yake mwenyewe. Siku ya ndama Koko hakuwa na kitambulisho wala hakujua mwaka wake. Alisema tu kwamba mwaka wa uhuru alikuwa ameshaweza kubeba mtoto mgongoni. Tekla alikadiria kwa vidole: wakati huo labda miaka sita, basi sasa sitini na minane. Namba hiyo haikuwa kwenye karatasi nyingine yoyote duniani. Na ilikuwa ya miaka miwili nyuma. Aliyeinakili hakukumbuka hata kuiongeza.

Akakumbuka pia kwamba mwezi ule mkono wake wa kulia ulikuwa kwenye plasta, baada ya kuanguka na bodaboda. Maelezo alikuwa ameyaandika kwa mkono wa kushoto, mwandiko wa kuku, akaenda nayo nyumbani, akayasoma kwa sauti mezani baada ya chakula, na mtu mmoja akamchapia kwenye kompyuta yake. Neno kwa neno. *Mjane, mkulima na mfugaji, nikiishi katika boma la Yiamat, baba mkwe wangu.* Mtu huyo aliuliza Yiamat inaandikwaje, naye akamtajia herufi moja moja.

Fransiska alikuwa anapekua droo. "Jina la yule kijana liko kwenye mkataba wake, nitakupa sasa hivi."

"Usihangaike, mama," alisema Tekla. "Nionyeshe tu kitu kimoja. Mchoro wa kwanza, barabara ilikuwa inakula kiwanja cha nani?"

Kulikuwa na viwanja vichache kule, vingi vitupu. Barabara ya kwanza iliugusa ukingo wa viwili, na kimoja ilikikata katikati, kisibaki hata pa kujenga choo. Namba mia mbili na kumi na nne. Fransiska alifungua daftari la wamiliki, akapitisha kidole, akasimama. Akavua miwani.

"Samahani, afande," alisema kwa sauti ya chini. "Wewe unaitwa nani vile?"

Aligeuza daftari. Kwenye mstari wa mia mbili na kumi na nne paliandikwa: *Tekla Elihuruma Urio. Kwa niaba yake, kaka.*

*

Alimpigia Inspekta Eliud akiwa kwenye ngazi, mkono mmoja kwenye chuma cha kushikia. Alimweleza yote kwa mpangilio, kama anavyotakiwa kueleza: muhuri, dole, jina, umri, kiwanja. Alimaliza kwa kusema faili si lake tena, kwa sababu yeye ni shahidi na huenda ni mnufaika. Eliud akauliza anataka nini. Tekla akasema anataka dakika kumi na kaka yake kabla hawajamchukua.

"Dakika kumi," alisema Eliud. "Mlango uwe wazi. Na mimi niwe barazani."

Philemoni alirudi saa saba na nusu, maana Jumatano hula nyumbani. Alimkuta mdogo wake amekaa mezani na sare. Mbele yake kulikuwa na karatasi mbili na kidumu cha manjano. Alikitazama kidumu, si yeye.

"Koko kaleta?"

"Kaleta kidumu," alisema Tekla. "Kaa, kaka. Afande Eliud yuko hapo barazani. Utakayosema anayasikia, na una haki ya kunyamaza."

Philemoni aligeuka, akaona kivuli kwenye sakafu ya baraza. Akakaa. Alikuwa na miaka thelathini na minane, mpole wa asili, mikono misafi ya mtu anayechora. Ndiye aliyemsomesha Tekla kuanzia kidato cha kwanza. Hakuwahi kumfokea.

Tekla alimsukumia karatasi ya kwanza, maelezo ya ndama. Kisha ya pili, ridhaa. Hakuwa na haja ya kusema zinafanana. Philemoni alizisoma zote mbili hadi mwisho, taratibu, kama mtu anayetafuta mstari wa kutokea.

Akaanza kuzungumza kama wanavyozungumza mikutanoni. Alisema mchoro hupitia maboresho. Alisema kuna masuala ya mteremko na korongo, kwamba njia ya magharibi ingehitaji daraja, kwamba manufaa ya wengi huzingatiwa, na kwamba ulinganifu wa barabara ulirekebishwa kitaalamu.

"Sema kwa Kiswahili cha nyumbani," alisema Tekla.

"Barabara ilisogea."

"Barabara haina miguu, kaka."

Philemoni alisugua dole gumba la kulia kwa kidole cha shahada. Huenda hakujua kwamba anafanya hivyo.

"Niliisogeza," alisema.

Barazani, Eliud alibadilisha mguu.

Kisha Philemoni akasema mambo ambayo Tekla alikuwa hajawahi kuyasikia. Alisema siku baba yao alipogawa kihamba, shamba la ukoo, kule Rombo, yeye alipewa migomba na mdogo wao wa kiume akapewa nyumba, na Tekla akaambiwa atakwenda kwa mume. Alikuwa na miaka kumi na mmoja, amekaa kwenye kizingiti, anachambua mchicha, na aliendelea kuchambua. Philemoni alisema hajawahi kuisahau ile mikono. Alijiapiza kwamba Tekla atakuwa na ardhi yenye jina lake, asiyopewa na mwanaume yeyote kwa masharti. Alikipata kiwanja kabla mtaa haujachorwa, akapanga kumkabidhi hati siku ya Krismasi. Halafu mchoro ukamjia mezani, na mstari wa barabara ulikuwa umekilalia chote.

"Manka," alisema, kwa jina alilokuwa anaitwa na mama yao, "ungefanya nini?"

Machozi yalimjia Tekla, akayaacha yashuke bila kuyafuta, kwa sababu mikono yake ilikuwa juu ya karatasi na hakutaka zisogee.

"Sikukuuliza kwa nini mimi," alisema. "Hilo nimekuelewa. Nakuuliza kwa nini koko."

"Mstari ulipaswa kupita mahali."

"Upande wa mashariki kuna kaya tisa. Nimezihesabu. Ungeweza kupita kwa yeyote. Kwa nini koko?"

Philemoni alikirudia kidumu kwa macho.

"Umekunywa maziwa yake miaka minne. Ukaacha mwezi wa tatu. Si gesi, kaka."

"Si gesi."

"Basi sema."

Alikivuta kidumu karibu, akaufunga mfuniko uliokuwa umelegea, akaukaza zaidi ya ulivyohitaji. Alipozungumza, sauti yake ilikuwa imepoteza mikutano yote.

"Wale wanane wanasoma. Wana watoto, wana simu, wangekwenda ofisini kuuliza. Koko hasomi, hana mtoto, mume yuko kaburini. Nilitafuta kwenye orodha mtu ambaye hakuna atakayekuja kumuulizia, nikamwona yeye." Alimtazama mdogo wake usoni kwa mara ya kwanza tangu aingie. "Wala sikusahau kwamba unamjua. Nilijua. Nilidhani hata wewe, kwa ajili yangu, hutauliza."